Maziwa ya mama mdogo

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka tisa, na nyumba yetu ya Pangani ilikuwa na wazazi wawili. Mama alikuwa na mdogo wangu wa miezi minne. Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, aliletwa kwetu siku ya tano baada ya kujifungua, amelazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu, amepauka mpaka midomo. Alikuwa amejifungua salama mtoto wa kiume, kisha damu ikakataa kukatika. Wakubwa waliihesabu ile damu kwa khanga. "Doti tatu," nilimsikia bibi akimwambia jirani, "na godoro." Alitundikiwa dripu, akaongezewa damu ya shemeji yake, akapona. Kila aliyepiga hodi alisema alhamdulillahi, na kweli lilikuwa jambo la kushukuru.

Kilichobaki ni kusubiri maziwa.

Alipikiwa uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Ikaletwa supu ya pweza. Bibi alimkanda kifua kwa kitambaa cha maji moto, na mtoto aliwekwa ziwani kila alipofungua mdomo. Alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Matiti ya mama mdogo hayakujaa, hayakuuma, hayakulowesha nguo hata siku moja. Na ng'ambo ya ua, jikoni, mama yangu alikuwa akimsikia yule mtoto akilia tu, khanga yake inalowa kifuani. Nililiona kwa macho yangu na sikulisahau: mtoto analia chumbani, maziwa yanamtoka mwanamke ambaye hakumzaa.

Siku ya tisa bibi alimchukua mtoto akamweka mapajani mwa mama. Alinyonya huko mpaka alipotembea, kwa hiyo zile mara tano tunazohesabu sisi Washafii zilipita ndani ya siku ya kwanza. Kuanzia hapo mtoto wa mama mdogo akawa ndugu yangu wa kunyonya, ndugu wa haramu kuoana, na mpaka leo ananiita dada bila kufikiri mara mbili.

Mama mdogo alibaki na maneno. Kuna waliosema amepigwa jicho. Kuna waliosema hampendi mtoto. Upande wa mumewe likatoka neno kwamba ameyabana maziwa makusudi ili asiharibu kifua. Miaka ikapita, hedhi haikurudi, mimba ya pili haikuja. Alilala sana. Alivaa sweta mwezi wa Januari, na anayeijua Januari ya Tanga atanielewa. Sauti yake ikawa nzito na ya polepole, akawa anajibu kama mtu anayeamshwa. Mume akaoa kwingine. Kwetu akaitwa mvivu, na mimi nami, niliyempenda, nilimwita hivyo zaidi ya mara moja.

Nimekuwa mkunga. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni pale mwalimu, akiwa katikati ya somo la kutoka damu baada ya kuzaa, alipogusia ugonjwa mmoja kwa dakika mbili hivi kisha akaendelea na mada. Alisema mzazi aliyepoteza damu nyingi anaweza kuua tezi ya pituitari, na kwamba dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka. Kalamu ilinidondoka. Nilikaa na daftari wazi mpaka kipindi kikaisha, namwona mama mdogo na sweta lake.

Lakini ugonjwa wenyewe sikuuelewa mpaka nilipozielewa seli zilizo juu ya hiyo tezi, na ndizo ninazotaka kuziandika leo, kwa sababu sijawahi kukutana na kitu cha ajabu kuliko hicho katika mwili wa mwanadamu.

Chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna sehemu inayoitwa haipothalamasi. Uzito wake ni kama gramu nne. Chini yake, kwa kikonyo chembamba, inaning'inia pituitari, ndogo kama njegere, nusu gramu tu, imekaa kwenye kijishimo cha mfupa ambacho wataalamu wa mwili walikifananisha na tandiko la farasi. Seli ya neva ya kawaida, yaani nyuroni, inazungumza na jirani yake: inatoa kemikali kidogo kwenye mwanya mwembamba, jirani anapokea, basi. Ni kunong'ona ukutani. Nyuroni za haipothalamasi ninazozisema hazifanyi hivyo. Zinapokea ishara kama neva, zinapiga umeme kama neva, kisha mwisho wa mkia wake hakuna jirani, kuna mshipa wa damu. Zinamwaga homoni ndani ya damu. Ni neva na ni tezi, kitu kimoja.

Aliyeliona hilo kwanza alikuwa kijana wa Ujerumani, Ernst Scharrer, mwaka 1928, katika ubongo wa samaki mdogo wa mtoni. Aliona nyuroni zilizojaa vijichembe kama seli za tezi, akasema hizi zinatengeneza homoni. Hakukubaliwa kwa miaka mingi. Mkewe, Berta Scharrer, akaenda kuitafuta habari hiyohiyo kwa wadudu, na walipohamia Marekani mwaka 1937, bila yeye kupewa kazi ya mshahara, alifanya utafiti wake kwa mende, kwa kuwa mende walipatikana bure. Namfikiria mama yule na mende wake kila ninapochoka. Jibu lililowanyamazisha wengi lilikuja 1949, pale Wolfgang Bargmann alipotumia rangi maalumu iliyoshika vile vijichembe, na njia nzima ikaonekana kwa darubini: kutoka nyuroni juu, kupitia kikonyo, mpaka sehemu ya nyuma ya pituitari.

Kwa hiyo sehemu ya nyuma ya pituitari, ambayo vitabu viliita tezi, haitengenezi homoni yoyote. Ni ghala. Ni mikia ya nyuroni zilizoko juu, imesongamana pale ikiwa na shehena yake, inangoja amri. Shehena ni aina mbili. Vasopresini, inayoziambia figo zisipoteze maji. Na oksitosini, ambayo kila mkunga anaijua kwa mkono wake, kwa maana ndiyo iliyo ndani ya ile chupa ndogo tunayoivunja shingo mtoto anapotoka, yuniti 10, msuli wa paja, mji wa mimba ukaze na damu ikatike. Zote mbili zimejengwa kwa amino asidi tisa, yaani vipande vinavyojenga protini, na zinatofautiana mbili tu. Ndiyo maana tunaonywa: mama akiendeshewa dripu ya oksitosini kwa wingi na maji mengi, mwili wake unaweza kuanza kuzuia maji kana kwamba umepewa ile nyingine.

Sasa rudi jikoni kwetu Pangani. Mtoto anapovuta ziwa, ishara inapanda kwa neva za kifua, uti wa mgongo, mpaka haipothalamasi. Kule juu nyuroni za oksitosini huwa zinapiga moja moja, kila moja na mwendo wake. Mtoto akiendelea kunyonya, jambo linatokea ambalo watafiti Wakerley na Lincoln walilirekodi kwa panya huko Bristol, Uingereza, mwaka 1973: ghafla zote zinafyatuka pamoja, kwa sekunde chache, kisha zinanyamaza dakika kadhaa, kisha zote pamoja tena. Kila mfyatuko unamwaga oksitosini kwenye damu, na muda mfupi baadaye vijisuli vinavyozunguka vifuko vya maziwa vinabana. Mama anayenyonyesha anaijua hiyo hali. Ziwa linasisimka, linakuwa zito, na mtoto anaanza kugugumia badala ya kuvuta tu.

Na nyuroni hizi zinajifunza. Baada ya wiki kadhaa za kunyonyesha hazingoji mdomo wa mtoto. Kilio kinatosha, hata cha mtoto wa mwenzio. Khanga ya mama yangu ililowa kwa sababu sauti iliingia sikioni, ikafika haipothalamasi, nyuroni zikafyatuka, damu ikabeba habari. Hakukuwa na siri nyingine, ingawa kwangu hiyo inatosha kuwa siri.

Hofu nayo inafika kulekule. Mwaka 1948 Michael na Niles Newton, mume na mke, walichapisha jaribio walilolifanya kwa Niles mwenyewe akinyonyesha mtoto wao. Siku nyingine alinyonyesha kwa raha. Siku nyingine alitumbukiza miguu kwenye maji ya barafu, au alivutwa kidole gumba cha mguu mpaka kikauma, au aliulizwa maswali ya hesabu mfululizo. Mtoto alipata maziwa pungufu. Walipomchoma oksitosini huku bughudha ikiendelea, maziwa yakarudi karibu na kiasi chake. Hii naisema kwa wakunga wenzangu bila kuzunguka: tunapomfokea mzazi wodini kwamba hajui kumshika mtoto, tunamtumbukiza miguu kwenye barafu.

Lakini shida ya mama mdogo haikuwa hofu, na pengine haikuwa oksitosini. Ilikuwa sehemu ya mbele.

Sehemu ya mbele ya pituitari ni tezi ya kweli. Ina seli zake zinazotengeneza homoni: ya kuiamsha tezi ya thairoidi shingoni, ya kuziamsha adrenali juu ya figo, za kuyaamsha mayai ya uzazi, ya kukuza mwili, na prolaktini inayotengeneza maziwa. Nyuroni hazifiki ndani yake. Kwa muda mrefu watu walijiuliza ubongo unaiamrisha kwa njia gani ikiwa hakuna neva inayoingia. Njia iko kwenye vijishipa vya damu vinavyoteremka kwenye kikonyo, na hata hapo palikuwa na ubishi kama damu ndani yake inapanda au inashuka. Geoffrey Harris wa Uingereza alikuwa upande wa waliosema inashuka. Mwaka 1952 yeye na Dora Jacobsohn waliwaondoa panya pituitari zao, wakapandikiza nyingine. Zilizopandikizwa chini ya haipothalamasi, vijishipa vikaota upya, panya wakarudia hedhi yao ya kipanya, wengine wakabeba mimba na kunyonyesha. Zilizopandikizwa mahali pengine chini ya ubongo zilipata damu nzuri tu, zikaishi, zikakaa kimya. Damu peke yake haikutosha. Ilibidi iwe damu iliyopita kwanza kwenye nyuroni.

Kwa hiyo kuna kundi la pili la nyuroni, zenye mikia mifupi, zinazomwaga homoni kidogo mno kwenye vile vijishipa vya kikonyo. Haisambai mwili mzima kwa nguvu; inashuka milimita chache tu. Kama mama anavyomtuma mtoto nyumba ya pili: "Mwambie fulani aweke sufuria motoni." Ujumbe ni mdogo, kazi inayofuata ni kubwa.

Udogo wake ndio uliowatesa waliotaka kuukamata. Roger Guillemin huko Marekani alikusanya ubongo wa kondoo kutoka machinjioni, na Andrew Schally, mshindani wake, ubongo wa nguruwe. Guillemin na wenzake walisaga haipothalamasi 300,000 za kondoo wakapata miligramu moja, moja tu, ya homoni ya kwanza, ile inayoiagiza pituitari iiamshe thairoidi. Mwaka 1969 umbo lake likajulikana: amino asidi tatu. Miaka yote ile, machinjio yote yale, kwa kitu cha amino asidi tatu! Mwaka 1977 walipewa Nobel wote wawili pamoja na Rosalyn Yalow, aliyebuni na Solomon Berson njia ya kupima homoni kidogo kiasi hicho kwenye damu.

Prolaktini ina tabia yake ya peke yake. Homoni nyingine za sehemu ya mbele zinangoja kuamshwa. Prolaktini ndiyo inayongoja kuachiwa. Kuna nyuroni za haipothalamasi zinazomwaga dopamini kwenye vijishipa vya kikonyo saa zote, kuizuia. Mtoto akinyonya, mkono huo unalegea, prolaktini inapanda, maziwa yanatengenezwa. Kila mwanamke anatembea na breki hiyo imekanyagwa, mpaka kinywa cha mtoto kiiachie.

Katika mimba seli za prolaktini zinaongezeka sana kwa ajili ya kazi iliyo mbele, na pituitari nzima inavimba. Njaa yake ya damu inakuwa kubwa kuliko wakati wowote wa maisha yake, ilhali damu inayoilisha ndiyo ileile ya vijishipa vya kikonyo, yenye msukumo mdogo. Mzazi akitoka damu nyingi, presha ikaanguka, vijishipa vile ndivyo vinavyokosa kwanza. Tezi iliyonenepa kwa ajili ya kunyonyesha inakufa siku ileile ya kuzaa. Harold Sheehan, daktari aliyechunguza miili ya waliofariki katika hospitali ya wazazi ya Glasgow, aliandika hayo mwaka 1937, akaonyesha kwamba chanzo ni kule kupoteza damu, na ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Sehemu ya nyuma mara nyingi inapona, kwa sababu ina mshipa wake yenyewe unaoleta damu kwa nguvu.

Nilipoliunganisha hilo na chumba chetu nililia. Maana yake ni kwamba kwa mama mdogo huenda nyuroni zote zilikuwa hai. Mtoto alivuta, ishara ikapanda, dopamini ikalegea, ujumbe ukashuka kwenye kikonyo, na chini hakukuwa na mtu wa kuupokea. Huenda hata oksitosini ilimwagika, vijisuli vikabana, vikakamua machicha yasiyo na tui. Ubongo wake ulikuwa unamwitikia mwanawe kila mara. Na sisi tulisema hampendi.

Kumpeleka kwa daktari hakukuwa rahisi. Alishazoea kuitwa mvivu, na mtu aliyezoea hivyo hana nguvu ya kubishana na foleni. Mwaka 2012 hospitali moja ilimpima homoni moja tu, ile ambayo pituitari inaitoa kuiamsha thairoidi, majibu yakarudi "kawaida", tukaambiwa ni uchovu wa umri. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Leo naweza kueleza kosa lilipokuwa. Kwa mtu ambaye thairoidi yake ndiyo mbovu, pituitari inapiga kelele na homoni hiyo inapanda. Kwa mama mdogo pituitari yenyewe ndiyo iliyokufa, haiwezi kupiga kelele. Kipimo kilikuwa kinaiuliza maiti kama kuna tatizo. Ilitakiwa ipimwe homoni ya thairoidi yenyewe, na kotisoli ya asubuhi, ile homoni ya adrenali, na prolaktini, na chumvi ya damu. Na kabla ya vyote, ilitakiwa mtu amuulize: ulipojifungua, damu ilitoka kiasi gani, na maziwa yalitoka?

Mwaka uliofuata tulimpata daktari aliyeuliza. Alimuuliza pia kama nywele za kwapa ziliota tena baada ya kunyolewa siku ya uzazi. Mama mdogo akanitazama kwa aibu, kisha akasema hapana, hazikuota. Miaka kumi na saba hakuna aliyemuuliza, naye hakujua kwamba ni jambo la kusemwa. Vipimo vikarudi chini karibu vyote. Picha ya kichwa ilionyesha kile kijishimo cha tandiko karibu kitupu.

Dawa zake ni za kawaida na si ghali: vidonge vya prednisoloni kwanza, badala ya kotisoli, kisha levothairoksini, badala ya homoni ya thairoidi. Kwanza na kisha, mpangilio huo ni wa kufa na kupona. Ukimpa ya thairoidi kabla ya kuziba pengo la kotisoli, mwili unachangamka, unatumia kotisoli kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuanguka akafa mikononi mwako. Akipata homa ya malaria anaongeza dozi maradufu, akitapika anakimbizwa kuchomwa sindano. Haachi hata siku moja. Kuhusu Ramadhani tulikwenda kwa daktari, tukaenda na kwa shehe, wakakubaliana: hafungi, anatoa fidia. Alihuzunika kwa hilo kuliko jambo lolote katika ugonjwa huu.

Siku ya nne ya vidonge aliamka kabla yangu, nikamkuta uani anafagia. Ndani ya miezi mitatu sauti yake ikarudi, nyembamba, ya haraka, sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia nikiwa mtoto. Lile sweta alimpa mtu. Siku moja tukiwa tunachambua mchele aliniambia, "Kumbe nilikuwa mgonjwa." Akakaa kidogo. "Nilidhani ndivyo nilivyo."

Mwaka juzi mke wa mwanawe alijifungua, wodini kwangu, nikiwa zamu. Siku hizi tunamtandikia mzazi karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za kupimia, damu inaingia humo, hatukisii tena. Utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba kuipima damu hivyo na kutibu kwa mpigo mmoja mara inapozidi, kwa kukanda mji wa mimba, oksitosini, traneksamiki asidi inayosaidia damu kuganda, dripu na uchunguzi, hupunguza kwa asilimia 60 madhara makubwa ya kutoka damu. Nilimfanyia yote niliyotakiwa kufanya, kisha nikatoka nje kuwapa habari.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi, mama na mama mdogo, wazee sasa wote wawili. Mama akasimama akauliza kama ni wa kike au wa kiume. Mama mdogo alinishika kiganja.

"Damu ilitoka kiasi gani?"

"Mililita mia mbili, mama."

"Umeipima?"

"Nimeipima."

Akakaa chini. Siku ya tatu alinipigia simu alfajiri, kabla ya adhana, kuniambia kwamba nguo ya mkwewe imelowa kifuani.